Uzazi wa mpango, damu ya matone na swala: namna ya kuchagua njia usije ukaiacha katikati

Shoga zangu, tuseme ukweli, wengi huku kwetu Unguja na Pemba hawaachi uzazi wa mpango kwa kuwa hawautaki, wanaacha kwa sababu ya damu. Mtu kawekwa kijiti mkononi, karudi kwake salama, wiki ya tatu yanaanza matone, leo kidogo, kesho hakuna, keshokutwa tena, hajui aswali au asiswali, hajui bwana amwambie nini, na Ramadhani ndo hiyo inabisha hodi, na pale kliniki hakuna aliyemwambia kwamba itakuwa hivo. Anakwenda kukitoa, na baada ya muda ana mimba na mtoto bado ananyonya. Hili linaniuma kwelikweli, mana mwili ni wake na haki ya kujua kitakachomtokea ni yake kabla hajapandisha mkono wa nguo. Kwa hiyo nakuandikia namna ya kuchagua kwa kuangalia damu kwanza, mengine baadae.

Anza na siku zako mwenyewe. Chukua daftari dogo la skuli, kila siku usiku andika tarehe na herufi moja tu, D kama ni damu kamili, M kama ni matone yale ya kuchafua tu chupi, S kama uko safi. Fanya hivo miezi miwili mitatu, hata ukiwa bado hujaenda kliniki. Utaona mwenyewe, mfano D D D D M M halafu S mpaka mwezi ujao, basi wewe ada yako, yaani idadi ya siku zako za kawaida, ni siku 6. Namba hiyo ishike vizuri, nesi ataihitaji na mwalimu wako wa fiqhi, sheria za ibada, ataihitaji zaidi.

Sasa njia zenyewe. Sindano inachomwa kila baada ya miezi 3, na miezi ya mwanzo ndo yenye vurugu, matone hayana ratiba, wengine damu inakaa siku nyingi. Halafu inapungua, na ukitimiza mwaka karibu nusu ya wanawake hawaoni damu kabisa. Kutokuona huko si damu kurundikana tumboni kama bibi zetu wanavosema, ni kwamba ule utando wa ndani ya kizazi haujengeki mnene, basi hakuna cha kutoka. Ila ujue sindano inachelewesha kurudi kwa uzazi, ukiacha unaweza kukaa miezi mingi, kwa wastani kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, ndo upate mimba, kwa hiyo kama unataka mtoto mwakani sindano si chaguo zuri.

Kijiti kinawekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, kile kimoja miaka 3, vile viwili miaka 5. Damu yake haitabiriki, na kwa wengine inabaki hivohivo haitabiriki muda wote, hili nalisema wazi mana ndo njia naona inawatoa machozi wanawake wanaoswali. Lakini ukikitoa uzazi unarudi hapohapo. Na hakitembei kwenda kwenye moyo, ukipapasa mkono utakigusa palepale.

Kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya kizazi, hakina homoni hata kidogo, siku zako zinabaki kuja kwa mwezi kama kawaida, isipokuwa miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo damu inakuwa nyingi zaidi, inachukua siku zaidi na tumbo linauma. Kinakaa mpaka miaka 12. Kama wewe siku zako ni chache na nyepesi, na huna upungufu wa damu, mie ningekwambia kifikirie hiki kabla ya vyengine, mana hesabu yako ya tohara, yaani siku za usafi wa kuswali, haivurugiki sana. Kama tayari unamwaga damu mpaka unaona kizunguzungu, kiache.

Vidonge vya mchanganyiko, vyenye homoni mbili, ndo vinavyonyoosha siku kuliko vyote. Unameza vile 21, halafu vile 7 vya rangi ya udongo ambavyo ni madini chuma, na damu inakuja nyepesi katika siku hizo 7. Lakini havimfai kila mtu, kama una presha, au ulishawahi kuganda damu mguuni, au kichwa kinakuuma upande mmoja huku macho yanaona vimwetamweta, au unanyonyesha mtoto hajafika miezi 6, mwambie nesi usifiche. Anayenyonyesha ana vidonge vyake vya homoni moja, na hivo vinataka saa ileile kila siku, ukichelewa kwa masaa 3 kinga inapungua. Hapo wengi wanakosea Ramadhani, wamezoea kumeza saa 2 asubuhi, wanahamisha mpaka futari, tayari wamepitiliza. Chagua saa 3 usiku tangu mwanzo, Ramadhani ikija wewe hubadilishi kitu.

Na kunyonyesha wenyewe ni njia, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana bila uji wala maji, na wewe hujaona siku zako. Likikosekana moja tu tafuta njia nyengine siku hiyohiyo. Kondomu haigusi damu yako kabisa na ndo peke yake hapa inayokukinga na ukimwi na magonjwa ya zinaa.

Ukifika kliniki usikae kimya. Huduma kwenye vituo vya serikali ni bure, na kama pa kwenu utakutana na wifi na jirani kwenye benchi, hakuna kinachokuzuia kutoka Konde ukaenda Wete, au kutoka shamba ukaja Mwembeladu. Mwambie nesi hivi: "Dada, mie naswali, nataka kujua hii itafanya nini siku zangu mwezi wa kwanza, wa tatu na baada ya mwaka." Akikujibu "utazoea tu" muulize tena. Ni haki yako kujibiwa. Na miongozo ya WHO, Shirika la Afya Duniani, haidai ruhusa ya mume ili mwanamke apewe njia, akikwambia kalete bwana kwanza omba umuone mwengine.

Matone yakianza, kwanza tuliza roho, si ugonjwa. Yakikusumbua rudi, kuna dawa kama ibuprofeni ya siku 5 anayoweza kukupa ikapunguza, usijinunulie dukani hasa kama una vidonda vya tumbo. Ila kuna damu ya kukimbilia hospitali: inayojaza pedi ndani ya saa moja au mbili na haikomi, yenye harufu mbaya na homa, inayokuja kila baada ya tendo la ndoa, au umekosa siku zako una kitanzi na tumbo la chini linachoma upande mmoja, hiyo yaweza kuwa mimba nje ya kizazi, usisubiri asubuhi.

Sasa swala, na hapa tukae kidogo. Damu isiyo ya hedhi si jambo jipya lililoletwa na sindano. Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia damu yangu haikatiki, je niache swala? Akamwambia hapana, huo ni mshipa, acha swala kwa kadiri ya siku zako za hedhi, kisha koga uswali. Imo kwenye Bukhari. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunafuata, hedhi haipungui mchana na usiku mmoja, haizidi siku 15, na tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu ikipita siku 15 ujue imo istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, ndani yake, na kama rangi yake ni moja huwezi kuipambanua nzito na nyepesi, unarudi kwenye ada yako. Yule wa siku 6 juu, siku 6 zake ni hedhi, zilizobaki ni istihadha, na swala alizoziacha kuanzia siku ya 7 anazilipa. Mwezi unaofuata ikiendelea hasubiri tena 15, zikitimia 6 anakoga anaswali.

Mwenye istihadha anajisafisha, anaweka pedi au kitambaa safi, anatia udhu baada ya wakati kuingia, anaswali bila kuchelewesha, na udhu huo ni kwa faradhi moja. Anafunga saumu. Na mume ni halali yake, jambo hili waambieni wanaume mana mwanamke anakaa miezi anasukumwa pembeni, au yeye mwenyewe anajinyima, kwa damu ambayo sheria haikuizuia. Matone yanayokuja na kukatika ndani ya siku 15 yana hesabu yake, hapo lichukue daftari lako mpelekee ustadhati wa chuoni kwenu, akiona zile D na M na S anakujibu kwa dakika tano, bila daftari mtakisiana tu.

Kuhusu bwana, kaa nae mweleze kabla, umuoneshe na daftari. Akisema ni haramu, mkumbushe Jabir, sahaba wa Mtume, alisema "tulikuwa tukifanya azl na Qurani inateremka," azl ni mume kumwaga nje, na Al-Baqara aya 233 inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, sasa miaka hiyo miwili itatimia vipi na mimba juu yake? Kufunga kizazi moja kwa moja ndo mas-ala mengine, na wanazuoni wengi wanakataa bila dharura, hapa nazungumzia njia za muda. Wapo watakaokataa hata hivo. Kama mwili wako umechoka na kuzaa na yeye hasikii, nesi anatakiwa akutunzie siri, kadi unaweza kuomba ibaki kituoni, na sindano haiachi alama.

Anaekwenda hija au umra asichome sindano ya kwanza wala kuweka kijiti karibu na safari, damu itamkuta kwenye tawafu. Aende kliniki miezi mitatu kabla, kama vidonge vya mchanganyiko vinamfaa ataelekezwa namna ya kuunganisha paketi bila kumeza vile vya udongo, na damu kwa kawaida haiji.

Na ukitaka kutoa kijiti au kitanzi, siku yoyote, hata mwezi wa pili, unatolewa. Wapo wanaorudishwa nyumbani wakaambiwa muda haujafika. Ile tarehe kwenye kadi ni ya mwisho wa nguvu ya dawa, haimfungi mtu, kwa hiyo kaa palepale, sema nataka kitolewe leo, na kama aliyekuwepo hajui kukitoa akuandikie kituo na siku ambayo yupo anaejua.