Ukucha ukianza kuvimba pembeni

Wabangua korosho wa Newala na Masasi, na mnaopaa samaki Lindi: pembeni ya ukucha pakivimba na kupwita, loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, kisha kikaushe. Usingoje wekundu, kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Joto huvuta damu na kulainisha ngozi, usaha kidogo ukapata njia. Tafadhali usitumbue kwa mwiba. Usaha ukishajikusanya, uvimbe ukipanda mkononi, ukipata homa, au una kisukari, nenda zahanati. Uvimbe wa zaidi ya wiki 6 kwa anayeshinda majini hauponi kwa kuloweka, huzidi. Huo unataka mikono mikavu na dawa ya daktari.