Kabla Hujapanga Nyumba ya Kale Mikindani

Mimi ni fundi mwashi. Kazi yangu kubwa ni nyumba za mawe ya matumbawe hapa Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini: kubandua saruji, kupiga lipu ya chokaa upya, kubadili boriti zilizooza. Wageni wengi hufika hapa kuliona Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa likawa hoteli, kisha wanatamani na wao wapange nyumba ya namna hiyo, yenye uwanja mpana na miti. Wakinipigia simu huwa wameshazipenda picha. Haya ndiyo ninayowaambia kabla hawajatoa hela.

Njoo uione nyumba wakati wa mvua. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mwezi wa nane kila nyumba ni nzuri. Ukishindwa kuja masika, tazama dari na pembe za kuta utafute michirizi ya kahawia, na uulize ilipakwa rangi lini. Rangi ya wiki iliyopita inakuficha kitu.

Ukutani usiwe na haraka. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Linavuta unyevu kutoka ardhini na linataka kuutoa. Lipu ya chokaa inauruhusu utoke. Ukipiga saruji juu yake, au rangi ya mafuta, ni sawa na kumfunika mtu nailoni juani: maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya, na baada ya muda lipu inavimba na kuanguka vipande vipande. Kwa hiyo gongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Ukisikia mlio wa uwazi, lipu imeachana na jiwe. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi. Muulize mwenye nyumba bila kuona haya: mlikarabati kwa chokaa au kwa saruji? Aliyetumia chokaa atajibu kwa fahari, na pengine atakutajia fundi aliyeizima chokaa hiyo kwa maji.

Vyumba utaviona vyembamba, karibu mita mbili na nusu au tatu. Hicho ndicho kipimo cha boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo usiagize kitanda kabla ya kupima. Chomeka ncha ya bisibisi pale boriti inapoingia ukutani, maana ndipo inapoanza kuoza. Njia za mchwa, vile vijimfereji vya udongo, zikiwepo, zitibiwe kabla hujahamia.

Bati karibu na bahari huliwa na chumvi mapema. Tazama misumari, na tazama matawi yaliyoinamia paa. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na wazee wa pwani hii hawajakisahau.

Maji onja kwa ulimi. Visima vingi karibu na bahari ni vya maji chumvi. Vinafaa kuoshea, na mnazi unayavumilia, lakini mlimao na mboga havitakushukuru. Uliza maji ya bomba hutoka siku zipi na simtanki lina lita ngapi. Kiangazi chetu ni kirefu, na bustani uliyoiona kijani mwezi wa tatu utainywesha ndoo kwa ndoo ifikapo wa tisa.

Bustani ndiyo inayogombanisha watu, na hapa naomba unisikilize sana. Mpangaji huamini kwamba akilipia uwanja amelipia na matunda. Mwenye mali haamini hivyo, hasa kwa mikorosho. Korosho ni fedha ya mikoa hii. Zikianza kudondoka Oktoba, mtu atakuja na kikapu, naye anayo haki yake. Andikeni mti kwa mti: embe za nani, nazi za nani, korosho za nani, na nani anamlipa mtunza bustani. Tena uliza kama jirani ana shamba la mikorosho. Kuanzia Juni hivi watu hupulizia salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na vumbi la salfa hiyo huingia madirishani. Mwenye pumu ataumia. Uliza pia kuhusu makaburi ndani ya uwanja, mbuyu wanaoufanyia tambiko, na kijia ambacho majirani wamekipita miaka yote. Usikifunge.

Usitoboe ukuta kwa ajili ya kiyoyozi bila ruhusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na ya baadaye yanaweza kutangazwa kulindwa. Kwangu mimi hata lisilotangazwa linastahili adabu ileile.

Mkataba uwe wa maandishi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, upangaji wa mwaka mmoja au pungufu ni wa muda mfupi na hausajiliwi. Ukitaka zaidi ya hapo, usajili. Wengi watadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali kwa desturi atataka ya mwezi mmoja. Mita ya LUKU ikiwa moja na kibanda cha mlinzi kinatumia umeme huohuo, patana mapema. Weka kifungu kwamba matengenezo yote ya ukuta ni ya chokaa, na utaje nani analipia kupaka chokaa ya maji kila mwaka baada ya mvua. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwamkie shikamoo, umwonyeshe karatasi.

Siku ya kukabidhiwa funguo, zungukeni nyumba pamoja na mwenye mali, mpige picha kila ufa, kila doa na kila mti, mzichape, na mtie sahihi nyote wawili nyuma ya kila picha.