Somo: Kupata chombo cha utafiti wa ziwa na kukiweka kazini

Somo hili ni la vituo vya utafiti, vyuo na miradi inayofanya kazi Victoria, Tanganyika, Nyasa na maziwa mengine ya maji baridi. Sayansi ya ziwa inaishi kwa vipimo vinavyochukuliwa mahali pale pale, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Boti ya mita 9 inayotoka kila mwezi inatufaa kuliko meli ya mita 25 iliyofungwa gatini kwa kukosa dizeli. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kigezo hicho.

Hatua ya 1: Anza na kazi, ukubwa utajileta

Orodhesha kila kitakachoshushwa majini, uzito wake, kina kitakachofika, idadi ya watu na kama watalala ziwani. Victoria ina kina cha mita 80 hivi pale palipo kirefu zaidi, kwa hiyo mita 120 za waya kwenye winchi (mashine ya kukunja na kuvuta waya) zinatosha. Nyasa inafika mita 700 hivi, Tanganyika karibu 1,470. Hapo hesabu inabadilika kabisa.

Chukua waya wa chuma wa milimita 6. Mita moja ina uzito wa gramu 140 hivi, kwa hiyo mita 1,400 ni kilo 196 kabla hujafunga kifaa chochote. Waya huo hukatika kwenye mzigo wa tani 2 hivi; ukifuata kanuni ya kubebesha moja ya tano tu, mzigo halali ni kilo 400. Karibu nusu imeshaliwa na waya wenyewe, maana maji hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa chuma. Sasa funga bomba la kuchukulia tope, linase chini, kisha winchi ivute: hapo ndipo waya hukatika na kifaa cha mamilioni kikabaki huko. Wengi wakiona hivyo hukimbilia waya mnene zaidi, lakini nao unaongeza uzito, winchi inakuwa kubwa, na meli inalazimika kukua. Kwa Tanganyika, kamba ya nyuzi imara za polithini ni jibu zuri zaidi kwa chupa za maji na vifaa vinavyojirekodia vyenyewe, kwa sababu majini haina uzito. Maadui zake ni wawili, msuguano na jua, hivyo inataka roda (gurudumu la kupitishia kamba) laini na kifuniko cha turubai.

Hatua ya 2: Kukodi, kununua iliyotumika, au kuunda

Kama mnatoka mara mbili au tatu kwa mwaka, kodini. Boti ya uvuvi yenye winchi ya mkono na jenereta ndogo inafanya kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kununua iliyotumika ni njia yenye heshima. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilinunua mwaka 1997 meli ya uvuvi iliyoundwa 1985, kikaigeuza kuwa meli ya utafiti, R/V Blue Heron ya Ziwa Superior. Lakini ile ilifika ziwani kwa kuelea, kwa kuwa maziwa yale yana njia ya meli mpaka baharini. Kwetu hakuna. Meli ya Tanganyika tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa mpaka Kigoma na kuunganishwa upya; ilishushwa majini 1915. Sharti hilo halijabadilika: kinachokwenda ziwani lazima kipite barabarani au relini. Boti isiyozidi upana wa mita 2.5 inapanda lori bila shida kubwa. Zaidi ya hapo, agiza mabati yaliyokwishakatwa kwa vipimo na uchomelee ufukweni. Ulizia bei ya usafiri na ya kreni kabla ya kuulizia bei ya chombo.

Ukikagua chombo kilichotumika, leta mkaguzi asiyelipwa na muuzaji. Apime unene wa mabati kwa mawimbi ya sauti, hasa chini ya injini na kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika). Pale bati lilipopoteza robo ya unene wake, hesabu kulibadilisha. Injini iendeshwe kwa nguvu zote kwa saa moja nzima, si dakika kumi, kwa sababu joto la ziada huchelewa kujionyesha. Daini hati za uthabiti, zinazoonyesha kwamba chombo hakipinduki kirahisi. Na kama chombo kilikuwa cha baharini, kumbuka kwamba maji baridi ni mepesi kwa asilimia 2.5 hivi: kilichozama mita 2 baharini kitazama hadi sentimita 5 zaidi ziwani, na ukingo wa sitaha utakuwa karibu zaidi na mawimbi ya kusi.

Ukiongeza winchi na fremu ya kuning'inizia vifaa tezini (nyuma ya chombo), hati ya zamani ya uthabiti haina maana tena. Rudia jaribio la kuinamisha: uzito unaojulikana unahamishwa upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, pembe ya mlalo inapimwa, na mhandisi anakokotoa upya kitovu cha uzito. Msiondoke gatini kabla ya hilo.

Hatua ya 3: Yaandike kwenye zabuni

Mambo haya yakikosekana kwenye karatasi, hayatakuwepo kwenye chombo:

- Injini ya aina yenye fundi na vipuri Mwanza, Kisumu au Kigoma. Injini bora isiyo na fundi karibu ni mzigo.
- Upozaji kwa mabomba yaliyofungwa nje chini ya tumbo la meli, ili injini isinyonye maji ya ziwa.
- Moshi, choo na maji ya jikoni vitokee upande usiochukuliwa sampuli.
- Rangi ya tumbo la meli isiyo na shaba. Ziwani hakuna chaza wa kung'ang'ania kama baharini, ni mwani tu, na shaba inayochuruzika itachafua vipimo vyenu vya madini.
- Kichwa cha ekosaunda (kifaa cha kupima kina na samaki kwa sauti) kiwekwe mbele ya katikati, mbali na mapovu ya rafadha (panga linalosukuma chombo).
- Vipuri vya saa 2,000 za injini viwe ndani ya bei.

Tanzania, ukaguzi na usajili ni wa TASAC, Shirika la Wakala wa Meli. Kenya ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari. Waite wakague michoro kabla bati la kwanza halijachomelewa. Na kama mtavuka mpaka majini, ombeni vibali vya chombo na vya sampuli mapema; Tanganyika pekee ina nchi nne.

Hatua ya 4: Bajeti ya kukilisha chombo

Injini ya dizeli hula lita 0.25 hivi kwa kila kilowati kwa saa. Injini ya kilowati 150 ikifanya kazi kwa asilimia 70 inatoa 105, yaani lita 26 kwa saa. Siku ya saa 8 ni lita 210. Ongeza jenereta lita 25, kisha theluthi moja ya akiba: zaidi ya lita 310. Zidisha kwa siku za mwaka mzima. Kwa matengenezo, bima na chelezo (kupandisha chombo nchi kavu kukitengeneza), tunashauri mtenge kila mwaka asilimia 10 ya bei ya chombo kipya. Kama fungu hilo halipo, punguzeni ukubwa sasa hivi, kabla hamjasaini.

Hatua ya 5: Matunzo

Kila siku ya safari: angalia mafuta ya injini na maji ya kupozea, toa maji yaliyotulia chini ya filta ya dizeli, angalia ngama. Ngama iliyokuwa kavu jana ikiwa na maji leo, tafuta chanzo kabla ya kuwasha. Kizuia maji cha shafti chenye kamba ya grisi kinatakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Kikiwa kikavu kabisa kimekazwa mno, nacho kinachimba mfereji kwenye shafti.

Mafuta ya injini na filta kila saa 250, au kila mwaka hata kama saa hazijafika. Chombo kikikaa, jaza tangi la dizeli mpaka juu. Tangi lenye nafasi hutoa jasho usiku, maji yanatuama chini, na kwenye joto letu bakteria na ukungu huzaliana pale dizeli inapokutana na maji. Ute mweusi kwenye filta ndio hao.

Waya wa winchi: kila baada ya miezi sita kata mita 2 za mwisho na ufunge kichwa upya. Hapo ndipo unapopindwa na kushtuliwa kuliko kwingine kote. Usiupake grisi ya kawaida kama mnapima mafuta au viumbe hai majini.

Chelezo angalau kila miaka miwili: kupiga mchanga pale penye kutu mpaka chuma king'are, epoksi tabaka tatu, bushi za shafti, vali zote za tumboni zifunguliwe kwa mkono, anodi mpya (vipande vya madini vinavyoliwa na kutu badala ya meli).

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mwanza:* Anodi zetu za zinki zimemaliza mwaka hazijaliwa hata kidogo. Si ndiyo dalili kwamba meli iko salama?

Hapana, ndugu, ni dalili ya hatari. Anodi hufanya kazi kwa kuliwa badala ya chuma. Kwenye maji baridi zinki hujivika ganda gumu na kuacha kutoa umeme, na kutu inageukia bati na rafadha. Maji ya Victoria yana chumvi chache sana, weka magnesi. Sehemu ya kufungia ikwanguliwe rangi mpaka chuma, na anodi yenyewe isipakwe rangi hata tone. Ibadilishe ikibaki nusu. Mkipeleka chombo baharini, toeni magnesi kwanza, italiwa upesi na kubambua rangi.

*Mwanachama, Kigoma:* Boti yetu ni ya alumini. Tufuate ushauri huo huo?

Hapana. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 9 na yanapitisha umeme vizuri kuliko ya Victoria. Ganda linalolinda alumini huanza kudhoofika kwenye pH ya namna hiyo, na magnesi inazidisha ukali wa alkali pale pale juu ya bati. Tumia anodi za alumini, paka epoksi kamili chini ya mstari wa maji, na usiache kipande cha shaba wala sarafu kwenye ngama.

*Mwanachama, Kisumu:* Tukipita penye magugu maji joto linapanda. Tumesafisha chujio, linarudi.

Kama mnanyonya maji ya ziwa, fungueni pampu mtazame impela ya mpira (gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji). Ikizunguka bila maji hata kwa muda mfupi mabawa yake hukatika, na vipande husafiri mpaka kwenye kibadilisha joto na kuziba vijibomba. Hesabuni mabawa, yaliyopungua yatafuteni mbele, la sivyo impela mpya haitasaidia. Wekeni machujio mawili yenye vali, moja lifanye kazi huku mkisafisha la pili.

*Mwanachama, Kalemie:* Maji ya chini yananuka kama yai viza. Yanaharibu vifaa?

Ndiyo. Tanganyika haina oksijeni kuanzia mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea eneo na msimu, na huko chini kuna haidrojeni salfaidi. Inafanya shaba na fedha kuwa nyeusi, na inasumbua vihisi vya oksijeni. Suuza kila kifaa kwa maji safi mara kinapotoka. Chupa zifunguliwe sitahani penye upepo, kamwe si ndani ya maabara iliyofungwa: gesi hiyo ni sumu, na pua huizoea ikaacha kuinusa.

*Mwanachama, Bukoba:* Tumeazima ekosaunda iliyokuwa baharini. Kina kinasoma tofauti na kamba.

Imebaki na mipangilio ya bahari. Weka chumvi 0 na joto halisi mlilopima. Sauti hupita mita 1,497 hivi kwa sekunde kwenye maji baridi ya nyuzi 25, dhidi ya 1,535 hivi baharini. Kwenye mita 60 kosa ni mita 1.5. Chumvi pia hubadilisha hesabu ya sauti inayomezwa na maji, kwa hiyo makadirio ya dagaa yatakosea hata kina kikionekana sawa. Baada ya hapo pimeni upya kwa tufe la tangisteni kabaidi la milimita 38.1, lining'inizwe kwa nyuzi tatu chini ya kichwa cha ekosaunda, chombo kikiwa kimetia nanga mahali pametulia. Tufe lioshwe kwa sabuni na lisishikwe kwa mkono mtupu. Vipovu vidogo vikiganda juu yake mtapata namba isiyo yake.