SOMO: Manitoli kwa mgonjwa wa kiharusi, hatua kwa hatua

Hili ni la wenzangu wa wodini, ila hata anayeuguza ndugu atafuata. Manitoli ni dawa ya dripu ya kupunguza uvimbe wa ubongo, na ni ya hospitali tu.

Hatua ya 1: Hakikisha anaihitaji. Kiharusi kikubwa cha mshipa kuziba huvimbisha ubongo zaidi kati ya siku ya 2 na ya 5. Aliyekuwa anaongea akianza kusinzia, au mboni moja ikatanuka, mwite daktari na rudia CT (picha ya ubongo). Aliye macho na hana dalili hizo hapewi manitoli "ya kinga". Kosa hili nimelikuta mara nyingi mno.

Hatua ya 2: Inua kichwa nyuzi 30, shingo inyooke. Kama sukari haijashuka, ondoa dripu ya deksitrosi asilimia 5; maji yake huongeza uvimbe.

Hatua ya 3: Weka mpira wa mkojo, pima kreatinini (kipimo cha figo) na chumvi za damu, yaani sodiamu na potasiamu. Manitoli huvuta maji ya ubongo yaingie kwenye damu, figo ziyatoe. Mkojo utakuwa mwingi, presha inaweza kushuka.

Hatua ya 4: Dozi ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo, kwa dakika 20 hadi 30, na hurudiwa kila saa 6 ikibidi. Mgonjwa wa kilo 60 akiandikiwa gramu 0.5 kwa kilo anapata gramu 30, yaani mililita 150 za manitoli ya asilimia 20. Kagua chupa kwanza: ikipata baridi hufanya chembe kama za sukari. Ipashe ziyeyuke, iache ipoe, tumia mrija wenye chujio.

MASWALI

– Mkuu, deksamethasoni je?
Hapana. Husaidia uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo. Kwenye kiharusi haisaidii. Inapandisha sukari na kukaribisha maambukizi.

– Figo zimefeli, hakojoi kabisa?
Manitoli itabaki kwenye damu na kumjaza maji. Hapo daktari hufikiria maji ya chumvi ya asilimia 3, sodiamu ikipimwa mara kwa mara.

– Mama ana miaka 54, amepewa tangu jana na bado anazidi kusinzia. Waongeze dozi?
Pole sana dada. Manitoli inampa muda tu, haimalizi uvimbe. Waulize leo hii kuhusu upasuaji wa kuondoa kipande cha fuvu. Kwa walio chini ya miaka 60, ukifanywa ndani ya saa 48 tangu kiharusi huokoa wengi, ingawa baadhi hubaki na ulemavu mkubwa. Usingoje raundi ya kesho.