Ndege yako ya balsa nayo ni droni: mwongozo kwa warushaji walio ughaibuni

Kama unaishi nje na unapenda kurusha ndege za modeli, anza na jambo hili: katika nchi nyingi sheria haitofautishi ndege uliyoiunda kwa mikono yako kwa mbao za balsa na droni ya mapanga manne iliyotoka dukani na kamera yake. Zote ni vyombo vya anga visivyo na rubani ndani. Wengi wetu tukisikia tangazo la kanuni mpya za droni tunalipita, tukidhani linawahusu wapiga picha. Linatuhusu sisi moja kwa moja, na anayeishi kwa kibali katika nchi ya watu ana mengi zaidi ya kupoteza akilipuuza.

Inafaa kujua tulifikaje hapa. Mwaka 2011 Raphael Pirker alirusha ndege yenye umbo la bawa, ya povu gumu, juu ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, akipiga video ya kulipwa. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, ilimtoza faini ya dola 10,000. Machi 2014 jaji aliifuta, lakini Novemba mwaka huohuo bodi ya usalama wa usafiri ya huko, NTSB, iliamua kwamba ndege ya modeli ni chombo cha anga kama vingine, na kuirusha kwa uzembe ni kosa. Kesi iliishia kwa makubaliano ya kulipa dola 1,100 mwaka 2015. Chombo kilichozaa uamuzi huo mzito kilikuwa na bawa, aina ileile ambayo wengi wetu tunaibeba kwenye buti ya gari. Mei 2017 mrushaji wa modeli, John Taylor, alishinda mahakamani na usajili wa lazima kwa wanaorusha kwa burudani ukaondolewa. Desemba mwaka huo Bunge likaurudisha kwa sheria. Mwaka 2018 kinga dhidi ya kanuni za FAA waliyokuwa nayo wanamodeli tangu 2012 nayo ikafutwa. Mwezi wa mwisho wa mwaka huo, Uingereza, uwanja wa ndege wa Gatwick ulisimama kwa taarifa za droni zilizoonekana karibu na njia ya kurukia, safari zipatazo 1,000 zikavurugika, na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Tangu hapo sikuona tena mamlaka yoyote ikiwa na haraka ya kulegeza.

Kwa hiyo kabla ya chochote, chukua mizani ya jikoni uipime ndege yako ikiwa na betri, tayari kuruka. Uzito ndio unaoamua karibu kila kitu. Marekani, Umoja wa Ulaya na Kanada wanatumia mpaka wa gramu 250. Uingereza ilikuwa hapohapo, lakini tangu Januari 2026 imeushusha hadi gramu 100 kwa upande wa mtihani wa mrushaji, kwa hiyo hata ndege ndogo ya kurusha bustanini sasa inaweza kukudai karatasi.

Marekani, anayerusha kwa burudani hujisajili mara moja kwa dola 5, na namba hiyo hutumika kwa ndege zake zote kwa miaka 3. Umri wa kujisajili ni kuanzia miaka 13; chini ya hapo mzazi ndiye anayejiandikisha. Asiye raia wala mkazi wa kudumu anaruhusiwa kujisajili pia, ila kwake cheti kinahesabiwa kuwa utambuzi wa umiliki tu. Namba lazima ionekane kwa nje ya ndege. Kuna na mtihani uitwao TRUST, wa bure, unaofanywa mtandaoni; ukikosea swali unarekebishwa papo hapo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuukwepa. Pakua cheti chake ukitunze mwenyewe. Asiyejisajili anaweza kutozwa faini ya kiraia ya hadi dola 27,500, na kesi ikiwa ya jinai, hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 3.

Uingereza inatoa namba mbili. Flyer ID ni ya anayeshika rimoti na hupatikana bure baada ya mtihani wa mtandaoni. Operator ID ni ya mwenye chombo, awe na miaka 18 au zaidi, na inalipiwa kila mwaka. Inayobandikwa kwenye ndege ni Operator ID, kwa herufi zinazozidi milimita 3, nje au ndani ya kifuniko kinachofunguka bila bisibisi. Umoja wa Ulaya unafuata kanuni moja, namba 2019/947, iliyoanza kutumika 31 Desemba 2020. Unajisajili katika nchi unayoishi na namba inatambulika katika nchi zote wanachama. Ujerumani inaongeza bima ya lazima, hata kwa modeli nyepesi. Humo Ulaya, modeli ya kujiundia yenye gramu 250 au zaidi huangukia kundi la A3: mita 150 kutoka makazi, viwanda na maeneo ya burudani. Anayeishi ghorofani mjini anaona mwenyewe maana yake. Uwanja wa mpira wa mtaani umekwisha kufungwa kwake.

Hapo ndipo klabu inapoingia, na hili ndilo shauri langu kubwa kwako: tafuta klabu kabla hujanunua ndege. Sheria hizi hizi zinazotubana zimewaachia wanaklabu mlango ambao mtu aliye peke yake hana. Kifungu cha 16 cha kanuni ya Ulaya kinaruhusu klabu na vyama vya modeli kupewa kibali chao, na wanachama hurusha chini ya masharti ya kibali hicho. Uingereza imebaki na mpango huohuo kupitia vyama kama BMFA, kilichoanzishwa mwaka 1922. Marekani tangu 2024 inasimamia kwa nguvu sharti la ndege kujitambulisha hewani kwa kifaa kinachotangaza namba yake, mahali ilipo na mahali ilikorukia. Kufunga kifaa hicho kwenye ndege nyepesi ya balsa ni usumbufu, na ni gharama pia. Lakini ndani ya maeneo yaitwayo FRIA kifaa hakihitajiki, na wanaoweza kuombea eneo hadhi hiyo ni vyama vinavyotambuliwa na FAA, kama AMA, pamoja na taasisi za elimu.

Tena uanachama wa AMA au BMFA unakuja na bima, ambayo ndege ya kilo tatu ikitua juu ya kioo cha gari la mtu utaishukuru. Na klabu ina wazee wa kazi. Watakuambia upepo wa pale ukoje na mkulima wa shamba la jirani ana tabia gani, watakushikia rimoti ya pili unapojifunza, na watakujulisha kanuni ikibadilika. Kwa mgeni hii ni njia ya kupata marafiki wa kweli. Nenda siku ya wikendi, mikono mitupu, salimia, uliza. Warushaji ni watu wanaopenda kuulizwa.

Kimo cha kuruka ndicho kinachowaumiza wapenda glaida, yaani ndege zinazoelea bila injini. Mpaka wa kawaida ni mita 120, sawa na futi 400, na glaida ikikamata hewa ya joto inayopanda inaupita kwa dakika chache. Hapa pia klabu husaidia: kibali cha vyama vya Uingereza kinaruhusu modeli za chini ya kilo 7.5 kupita futi 400 nje ya maeneo ya viwanja vya ndege. Ulaya, kwa anayerusha glaida ya chini ya kilo 10 kutoka ukingo wa mlima, kipimo kinahesabiwa kutoka aliposimama mrushaji, si kutoka bondeni. Lakini usisahau kwamba anga iliyo karibu na viwanja vya ndege ina masharti mengine kabisa. Marekani, ukiwa ndani ya anga inayodhibitiwa unaomba ruhusa kupitia mfumo wa LAANC kwenye simu, na ndani ya hifadhi za taifa kurusha kumekatazwa tangu 2014, modeli zikitajwa waziwazi. Anayevaa miwani ya kuonea video ya kamera iliyo kwenye ndege awe na mtu pembeni anayeiangalia ndege kwa macho.

Sasa harusi. Jumuiya ikijua una kitu kinachoruka na kamera, utaombwa tu: harusi ya binamu, mkutano wa kanisa, nyumba ya rafiki anayetaka kuiuza. Marekani, unafuu wa burudani ni kwa burudani peke yake. Picha za kusaidia kuuza nyumba si burudani, hata usipolipwa, na FAA husema kwamba hata kujitolea kwa ajili ya shirika lisilo la faida kunaweza kuhesabiwa nje ya burudani. Kazi hizo zinahitaji leseni ya Part 107, yenye mtihani unaofanyiwa katika kituo rasmi. Kumkatalia shangazi ni kugumu, najua, lakini mwambie ukweli: fomu za uhamiaji huuliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, na jibu lake linakufuata kwa miaka.

Walio Ghuba wawe makini zaidi. Falme za Kiarabu zilisimamisha urushaji wa droni na ndege nyepesi za michezo Januari 2022, baada ya shambulio la Abu Dhabi, na kulegeza kulianza kwa hatua mwishoni mwa 2024. Usitoe kitu kwenye boksi kabla ya kujisajili na kupata ruhusa.

Ukisafiri na ndege yako, betri za lithiamu za akiba hukaa kwenye mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa. Zidisha volti kwa saa-ampea: betri ya volti 14.8 na mAh 5,000 ni wati-saa (Wh) 74, inapita. Ya volti 22.2 na mAh zilezile ni Wh 111, na kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, zisizidi mbili. Na ikiwa unaipeleka likizo Kenya, kanuni za mwaka 2020 zinataka kibali cha mamlaka ya anga ya huko, KCAA, cha kuingiza chombo nchini. Kiombe mapema, ukiwa bado huko uliko, na chapisha nakala ya karatasi ya kumwonyesha ofisa wa forodha.