Pima pilipili kabla hujamwita mtu muongo

Kwetu achari ya maembe ikifika mezani mamangu aionja asema hii haina kitu, mie huku machozi yanitoka, na ati mie ndo muongo. Basi siku moja nikasema natupime.

Mwahitaji pilipili mbuzi moja, maji ya sukari na vikombe 8 vya kahawa, vile vidogo. Paka mikono mafuta kwanza (na macho usiguse, nakwambia mapema). Saga pilipili na maji kidogo, chuja. Kijiko kimoja cha hiyo na vitatu vya maji ya sukari, hicho kikombe cha kwanza, kisha toa kijiko hapo utie cha pili na vitatu vyengine vya sukari, enda hivo hivo mpaka cha 8.

Kuonja sasa waanza na cha 8, ndo chepesi, warudi nyuma pole pole, manake ukianza na kikali ulimi wafa ganzi na hutajua kitu tena. Halafu hapa msilegee: kila kikombe kiekwe na chengine cha maji ya sukari matupu, anayeonja asijue kipi ni kipi, aseme kinachowasha. Kuna watu watawashwa na sukari wallahi. Akipatia mara tatu mfululizo, andika namba ya kikombe.

Si akili yangu hii, mfamasia Wilbur Scoville alifanya karibu na hivi Marekani 1912, yaani zile namba za ukali wa pilipili zilianzia kwenye ndimi za watu! Siku hizi mashine yapima kapsaisini yenyewe (ndo kile kitu kinachowasha ndani ya pilipili) na haitoki jasho hata tone.

Mama alianza kuhisi kikombe cha 4, mie cha 6, kwa hivyo mie yaniwasha hata ikizimuliwa mara 16 zaidi. Na hakuna muongo hapo. Kapsaisini hushika kwenye neva kipokezi kile kile kinachoshtuliwa na joto la kama digrii 43, mwanasayansi David Julius kapewa Nobel 2021 kwa kazi hiyo, ubongo waambiwa waungua na moto hakuna, sasa mtu alokula pilipili kila siku tangu utotoni neva zake zishazoea. Ila namba yakwambia mtu aanzia wapi kuhisi tu, ule moto wenyewe vile ulivyo mdomoni mwake hakuna kikombe cha kukuonyesha, pilipili usoila yakuwashiani.

Ukizidiwa usikimbilie maji, kapsaisini haiyeyuki vyema humo, kunywa mtindi. Mama namba ameziona kwa macho yake na bado asema najidekeza.