GPS ikufikishe mtaani, kamera imalizie: vibao vya simu katika Mji wa Kale wa Lamu

Nataka mtu akisimama Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, akainua simu yake, aone kwenye skrini ya kamera kibao cha maelezo kinaelea mbele ya Ngome: ujenzi ulikamilika 1821. Hapo ni rahisi, maana uwanjani anga iko wazi. Kazi yenyewe huanza ukiingia vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ambako punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma.

Anza na vipimo vya mahali, yaani latitudo na longitudo ya kila kibao. Simama penyewe, subiri dakika chache GPS itulie, chukua vipimo kama ishirini, hifadhi wastani wake. Weka tarakimu sita baada ya nukta. Ile ya tano ikibadilika kwa moja, ni kama mita 1.1 ardhini. Na alama ya kutoa kwenye latitudo usiiache, kwa sababu Lamu iko kusini mwa ikweta, karibu -2.27. Niliwahi kuiacha, Ngome ikahamia kilomita 500 hivi kaskazini, nami asubuhi nzima nakagua kamera.

Kisha programu ijue simu iko wapi, imeelekea wapi na imeinama vipi. Kutoka hapo kokotoa umbali na mwelekeo wa kila kibao, uchore vilivyo ndani ya mita 60 tu. Kukishikilia kibao kisicheze mtu anapotembea, waachie ARCore (ya Google) au ARKit (ya Apple), zana za kuchora vitu juu ya picha ya kamera.

ARCore pia inaweza kulinganisha unachokiona na picha za mitaa za Google, Street View, na hapo usahihi huishinda GPS. Ila programu iulize kwanza kama huduma hiyo ipo pale uliposimama. Pima kichochoro kwa kichochoro kabla ya kuitegemea.

Adui mkubwa ni dira. Ikikosea nyuzi 10, kibao kilicho mita 50 mbele kinasogea karibu mita 9, na historia ya nyumba moja inasomwa mlangoni kwa jirani. Mwombe mtumiaji achore nane hewani kwa simu ili dira ijirekebishe, mbali na mageti ya chuma.

Halafu kuna kuta. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zimepanda ghorofa na kubanana, kwa hiyo mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo yaifikie simu, na kitone cha ramani kinarukaruka. Ndiyo maana nasema GPS iishie mtaani, nyumba itambuliwe kwa picha. Nilijaribu mlango wa nakshi: picha niliipiga saa mbili asubuhi, ikatambulika mara moja. Alasiri jua lilikuwa limegeuka, vivuli ndani ya mawaridi vimehamia upande wa pili, na simu haikuujua tena mlango ule ule. Sasa kamera naipa kitu kingine cha kutambua: karatasi ngumu iliyochapishwa picha, bapa, kubwa kama daftari, ukutani juu ya baraza. Mwenye nyumba akubali kwanza, ni kwake. Picha ipime kwa zana ya ARCore inayotoa alama 0 hadi 100, na usishuke chini ya 75. Mapambo yanayojirudiarudia hushusha alama, hata yawe mazuri namna gani.

Mwisho, tembea usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, wote saa saba mchana. Kibao kisiposomeka juani, weka herufi nyeupe nene juu ya mandhari nyeusi, kisha rudi utembee tena.